Familia ya jaketi na familia ya sufuria: kuzielewa tamthilia za pikipiki ukiwa Kisumu

Mama mmoja jirani yetu hapa Nyalenda alinisimamisha langoni Jumapili moja, kitambaa cha kanisani bado kiko kichwani. "Mwalimu, niambie ukweli. Hawa watoto wa steji wamejiunga na nini?"

Vijana kumi na wawili wa steji ya boda boda, kituo cha pikipiki za abiria kilicho karibu na kwetu, walikuwa wameshonesha jaketi nyeusi za kufanana. Mgongoni fuvu la kichwa, na juu yake jina la steji kwa herufi zilizopinda kama upinde. Mwana wa pili wa mama huyo alikuwa mmoja wao. Wiki hiyohiyo mama alikuwa amemkuta ameinamia simu, anatazama Wazungu wenye ndevu, pikipiki kubwa kama ng'ombe, bunduki, na mwanamke wa makamo anayewaamrisha wote kana kwamba amewazaa. Wanaitana ndugu, kisha ndugu hao wanazikana. "Sasa hiyo ni familia gani?" akauliza.

Nilimjibu vibaya. Nilisema, "Mama, hiyo ni muvi tu." Jibu la namna hiyo ni la mtu anayetaka kwenda kula. Kizazi changu kilikaa kwenye mabenchi ya vibanda vya video kikimsikiliza DJ Afro akitutafsiria filamu za kigeni kwa maneno ya mtaani. Hakuna aliyetoka pale akidhani amesoma historia, lakini mwendo wa kutembea tulibadilisha. Muvi huacha kitu. Kwa hiyo najaribu tena, kwa ajili yake na kwa yeyote ambaye kijana wake amejaza flashi misimu saba ya tamthilia za pikipiki.

Tuanze na maneno, maana klabu, genge, steji na chama vyote siku hizi hutupwa kapu moja.

Klabu ya pikipiki, kwa maana yake ya kawaida, ni watu wanaopenda kuendesha pamoja. Basi. Ukisimama barabara ya Nakuru Jumamosi asubuhi utawaona wakipita kwa msururu na pikipiki zenye injini za kutetemesha vioo. Wakishavua helmeti unakuta ni watu wa ofisi na wenye biashara, wanakwenda kula nyama choma na kurudi. Wafikirie kama mashabiki wa Gor Mahia: wanavaa rangi moja, wanasafiri pamoja, wanapiga kelele pamoja, na Jumatatu kila mtu yuko kazini kwake.

Ndani ya ulimwengu huo wa klabu, hasa Marekani, kuna zile zinazojiweka kando. Hizo huvaa fulana ya ngozi yenye viraka vitatu mgongoni: juu jina la klabu, katikati nembo, chini eneo wanalodai ni lao. Huwezi kununua viraka hivyo dukani. Unavitumikia kwa miezi au miaka, unatumwa bia na kufagia, mpaka wanachama wapige kura wakukubali. Wanawake hawapigi kura. Baadhi ya klabu hizo, Hells Angels iliyoanza California mwaka 1948 ikiwa mojawapo, serikali ya Marekani inazihesabu kuwa makundi ya uhalifu. Hizi ndizo ambazo tamthilia huzipenda, kwa sababu tamthilia ya daktari anayekwenda kula nyama choma nani ataitazama.

Steji ni kitu kingine kabisa. Ni mahali na ni watu wake. Inafanana zaidi na akina mama wa samaki pale Dunga: kila mmoja ana beseni lake na deni lake, lakini zamu na nafasi ya kukaa wamekubaliana. Chama ndicho mkoba wa steji: mwenyekiti, mhazini, daftari, mchango wa kila wiki wa msiba na ugonjwa. Genge ni watu waliokutana kwa ajili ya uhalifu. Steji inaweza kuwa na mwizi ndani yake, kama vile kanisa linavyoweza kuwa naye, lakini haikuundwa kwa ajili hiyo.

Hiyo picha ya mwendesha pikipiki kuwa mtu hatari ina mwaka wake wa kuzaliwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia askari wengi wa Marekani walirudi nyumbani na hamu ya mwendo, pikipiki za jeshi zikauzwa rahisi. Julai 1947 waendesha pikipiki waliufurika mji mdogo wa Hollister, California, wakanywa, wakashindana barabarani. Magazeti yakakuza mambo. Mwaka 1953 ikatoka filamu ya The Wild One, Marlon Brando akiwa na jaketi la ngozi, na wakaguzi wa filamu wa Uingereza wakaikatalia kwa zaidi ya miaka 10. Husimuliwa pia kwamba baada ya Hollister chama cha waendesha pikipiki cha Marekani kilijitetea kuwa asilimia 99 ya wanachama wao ni watu wema, na wakorofi wakajishonea kiraka cha asilimia 1 kwa kujivuna. Chama chenyewe kinasema hakina kumbukumbu ya kutoa kauli hiyo. Kiraka kipo mpaka leo. Ndivyo filamu na barabara zinavyoigana, hujui nani alianza.

Katika filamu za zamani, mwendesha pikipiki ni mtu anayeondoka. Anaingia mjini, anatia watu hofu, anaondoka; nyumbani kwake hatuoneshwi. Kilichobadilika ni kwamba waandishi walimrudisha nyumbani. Tamthilia ambayo kijana wa jirani yangu alikuwa akiitazama ni Sons of Anarchy ya Kurt Sutter, iliyooneshwa Marekani kuanzia 2008 mpaka 2014, sehemu 92. Mji wake, Charming, hauko kwenye ramani yoyote ya California, na klabu yake pia ni ya kubuni.

Katika sehemu ya kwanza kabisa, kijana Jax anapata mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Wakati huohuo anapekua masanduku ya zamani na kukuta maandishi ya baba yake marehemu, mmoja wa waanzilishi wa klabu. Baba anaandika kama mtu anayejuta, kwamba klabu haikukusudiwa kuwa hivi ilivyo. Mama yake, Gemma, ameshaolewa na Clay, aliyekuwa mwenzake na huyo marehemu, ambaye pia amekalia kiti cha marehemu kichwani mwa meza. Kuna shaka juu ya ajali iliyomuua baba.

Aliyesoma Shakespeare shuleni ameshamtambua Hamlet: mwana wa mfalme, baba aliyekufa, mama aliyeolewa upesi na anayekalia kiti, na sauti ya marehemu isiyotulia. Sutter mwenyewe hajawahi kuficha kwamba alichota humo. Pikipiki ni farasi tu wa hadithi ya kifalme.

Hapa nadhani mtazamaji wa kwetu ana faida kuliko Mmarekani. Nilipomsimulia mama jirani kisa hiki, hakushtuka hata kidogo. "Kwani ubaya uko wapi? Ndugu wa marehemu ameingia nyumba." Kwa desturi ya Wajaluo, mume akifa, ndugu yake anaweza kuitunza ile nyumba akiwa jater. Wengi siku hizi wameiacha desturi hiyo, lakini kila mtu anaijua kanuni yake. Mjane anabaki kuwa chi liel, mke wa kaburi. Watoto ni wa marehemu. Boma ni la marehemu. Jater analinda, hamiliki. Ukiitazama tamthilia kwa jicho hilo, kosa la Clay linahama mahali. Mmarekani anauliza, mama aliwezaje kuolewa upesi hivyo? Mtu wa Siaya anauliza, huyu jater kachukuaje na kiti? Na swali la Siaya ndilo linaloifungua tamthilia, kwa sababu vita yote ya misimu saba ni juu ya kiti kile na nani ana haki ya kukikalia baada ya marehemu.

Nilipofika hapo mama jirani alivuta kigoda akakaa. Akataka kujua kama yule Gemma alihusika. Nilikataa kumwambia, na wewe pia sikuambii.

Kwa hiyo neno "familia" kwenye tamthilia hizi lina mizigo miwili. Kuna familia ya damu, yenye mtoto mchanga na mama na nyanya. Kuna familia ya kiapo, yenye jaketi. Mchezo wote uko pale zinapogombana: mtoto anaumwa na klabu inakuita, unakwenda wapi? Ndiyo maana wanaume wale wanaitana ndugu kwa sauti kubwa kuliko ndugu wa tumbo moja. Ndugu wa tumbo moja hahitaji kukumbushwa. Wa kiapo asipokumbushwa kila siku anaweza kusahau.

Ukitaka kujua pikipiki ya hadithi fulani inamaanisha nini, uliza baba amemwachia mwana nini. Jax ameachiwa kiti, maandishi na kisasi. Sasa mweke kando, tuvuke mpaka wa Busia.

Kuna filamu ya Uganda ya mwaka 2015, The Boda Boda Thieves, ya Donald Mugisha na James Tayler. Kijana wa miaka 15 anaishi Kampala na wazazi wake. Baba ni mwendesha boda, anapata ajali, hawezi tena kuendesha. Kijana anachukua pikipiki ili nyumba ipate kula. Pikipiki inaibwa. Hicho ndicho kisa, na ukikisimulia pale Kondele hakuna atakayeuliza "halafu?" kwa shauku, watashika tama. Kwa sadfa, kijana huyo anaitwa Abel, jina lilelile la mtoto mchanga wa Jax. Abel mmoja anazaliwa kwenye familia ambayo pikipiki ni taji, mwingine kwenye familia ambayo pikipiki ni sufuria.

Filamu hiyo ya Kampala ilichukua mbegu kutoka filamu ya Italia ya mwaka 1948, Bicycle Thieves, ambamo mwanamume anapata kazi inayohitaji baiskeli wakati baiskeli yake iko rehani. Mkewe anavua mashuka kitandani, anayapeleka rehani mahali pa baiskeli. Siku ya kwanza kazini, baiskeli inaibwa. Baba na mwanawe mdogo wanazunguka Roma wakiitafuta. Nafurahi kwamba hadithi hiyo ilipita njia ileile iliyopitwa na boda yenyewe, kutoka baiskeli kwenda pikipiki. Boda zilianza mpakani, Busia na Malaba, vijana wakibeba watu na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha forodha cha upande huu na cha upande ule, wakiita "border, border", mpaka jina likageuka. Kisumu tulizijua kwanza za baiskeli, na mto wa kukalia uliofungwa nyuma kwa mipira. Pikipiki zilifurika baada ya serikali kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye zile za chini ya cc 250, mwaka 2008. Mwaka uleule Jax alianza kuonekana kwenye televisheni. Hizo mbili hazina uhusiano wowote, isipokuwa kwamba leo zinakutana kwenye simu ya kijana mmoja wa Nyalenda.

Sasa tupime vyombo vyenyewe. Pikipiki za tamthilia ile ni Harley-Davidson, injini ya zaidi ya cc 1,400, uzito karibu kilo 300. Boxer ya kwetu ni cc 100 au 150, na mwanamume mmoja anaweza kuinua mgongo wake kuitoa matopeni. Harley ina kiti cha mtu na fahari yake. Boxer imetengenezewa magunia, kreti za soda, jeneza wakati mwingine, na asubuhi baba, mama na watoto wawili wenye sare, ingawa sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu na polisi wanajua mahali pa kusimama.

Kitu ambacho tamthilia haioneshi sana ni mtu akihesabu mafuta. Kwetu siku huanza na mafuta ya mia. Halafu kuna hesabu ya mdosi kama pikipiki si yako, shilingi 300 na zaidi kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Au kuna mkopo, ambao haumjui abiria wala mafua. Mwendesha boda anayeonekana amekaa ovyo juu ya tangi saa nne asubuhi, akichokonoa meno, kichwani ana hesabu ndefu kuliko ya karani wa benki.

Na ukifuata mkopo huo mpaka chanzo chake, mara nyingi utamkuta mama. Hili ndilo ningependa watu walielewe wanapozungumza juu ya "vijana wa boda" kana kwamba walichipuka steji. Kijana wa miaka 20 hana cha kuwekea dhamana. Mama ana chama cha akina mama, ana rekodi ya kulipa, ana kochi, televisheni na pengine ndama. Anaandikisha vyote hivyo. Kijana akichelewesha malipo wiki tatu, wanaokuja si wenye bunduki. Ni akina mama wenzake, wamevaa vizuri, wanakaa kwenye kochi lilelile lililoandikishwa na hawaondoki. Mke wa yule Mwitaliano alitoa mashuka. Mama wa Nyalenda anatoa kochi. Miaka na bahari viko katikati, lakini kitu cha ndani ya nyumba ndicho kinachonunua magurudumu.

Kwa hiyo Gemma wa kwetu yupo. Katey Sagal alimwigiza yule wa Marekani vizuri hata akapewa tuzo ya Golden Globe mwaka 2011, na sehemu ya uwezo wake ni kwamba unamwogopa kabla hajafungua mdomo. Lakini Gemma anatawala bila kura, kwa siri, jikoni na kitandani. Mama wa chama anatawala kwa daftari.

Upo mahali ambapo tamthilia na Nyanza vinakaribiana mpaka nywele zinasimama: mazishi. Kule, klabu inasindikiza jeneza kwa msururu wa pikipiki. Huku, mwendesha boda akifa, steji nzima inatoka. Matawi yamefungwa kwenye vioo, honi hazinyamazi, injini zinangurumishwa, gari la maiti linapita katikati yao kutoka mochari mpaka barabara ya kijijini. Mgeni atasema wameiga muvi. Hawakuiga. Wajaluo walikuwa wakifukuza kifo kwa tero buru, kwa ng'ombe, mikuki na vumbi, kabla pikipiki ya kwanza haijafika Kisumu. Ng'ombe wamepungua, Boxer zimeongezeka, vumbi ni lilelile. Tofauti iko kesho yake. Kwenye tamthilia wanaume wanakaa mezani kujadili nani atalipizwa. Kwenye boma wanakaa kujadili nani ataiendesha pikipiki, kwa sababu mkopo umebaki miezi saba.

Lipo dai jingine nalisikia sana, hasa kwenye magari ya watu: kwamba tamthilia hizi ndizo zilizowafundisha waendesha boda kuzingira gari lililomgonga mwenzao. Machi 2022, baada ya mwanamke dereva kudhalilishwa na kundi la waendesha boda jijini Nairobi, serikali ilifanya msako, na tangu siku hiyo neno genge halijatoka midomoni. Kitendo kile kilikuwa uovu, hakina tafsiri nyingine. Lakini sababu ya kukusanyika naiona karibu zaidi kuliko California. Mtu anaona mwenzake chini, pikipiki imepinda, na haamini kwamba bima au polisi watamfuata mwenye gari akishaondoka. Kilicho mbele yake ni gari. Analizuia. Hofu ya watu kumi ikikaa pamoja dakika tano inageuka kitu kingine, na hapo ndipo wezi na wahuni hupata nafasi. Ukitaka kuvunja tabia hiyo utaanzia kwenye fidia inayofika. Kuzima televisheni hakutasaidia.

Yale mafuvu, basi? Niliwauliza vijana wenyewe. Fundi cherehani alikuwa na picha tatu kwenye simu: tai, simba na fuvu. Tai alikuwa na nyuzi nyingi, bei ikapanda. Simba ilishachukuliwa na steji ya ng'ambo ya barabara. Kwenye mfuko wa kifua wameshona namba ya simu ya mwenyekiti, ili abiria akisahau mzigo apige. Katika kumi na wawili, wanne ndio wameitazama tamthilia mpaka mwisho, na mmoja wao aliniambia kilichomsumbua ni kwamba wale wanaume wana gereji yao wenyewe lakini wanatafuta taabu. "Omera, mtu ana gereji!"

Nilirudi kwa mama jirani na maelezo haya yote, marefu kuliko nilivyoandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akichambua dagaa. Akauliza jaketi liligharimu pesa ngapi na nani alilipa. Nikamwambia ni mchango wa steji. Akanyamaza kidogo, akamwita mwanawe aliyekuwa nyuma ya nyumba anafuta mnyororo.

"Hilo jaketi vaa," akamwambia. "Lakini logbuku ya pikipiki inabaki chini ya godoro langu."

Kijana akacheka, akarudi kwenye mnyororo wake. Ilikuwa karibu saa kumi, na abiria wa kutoka Kibuye walikuwa wanaanza kuteremka.